Ruta ya Puge Ina Miaka Mingapi?

Duka moja la steshenari pale Puge, kando ya barabara ya Nzega kwenda Tabora, lilipewa ruta ya 4G na mtoa huduma. Mwenye duka aliambiwa ni mpya. Akanunua kifurushi kikubwa, intaneti ikaendelea kusuasua, ndipo akataka kujua umri wa kifaa chenyewe.

Risiti haikusaidia, maana huandika siku ya kukabidhiwa tu. Nembo nayo husaidia nusu. Kampuni zetu hubadili majina: Celtel ikawa Zain 2008, Zain ikawa Airtel 2010, Tigo ikawa Yas 2024. Jina hueleza kifaa kilimfikia mteja enzi zipi. Halisemi kilikaa stoo muda gani. Adapta ilikuwa na tarehe iliyo wazi kabisa, nayo ndiyo shahidi wa kuogopwa. Umeme ukirudi kwa kishindo adapta huungua, na fundi huchomeka yoyote ya volti 12 aliyonayo.

Stika ya chini ilikuwa na IMEI. Tarakimu 8 za mwanzo kati ya 15 hutaja aina ya kifaa, si siku kilipoundwa. Wi-Fi yake ilikuwa ya GHz 2.4 peke yake, kiwango cha 802.11n kilichopitishwa 2009. Hapo wengi hukimbilia kusema ruta ni ya 2009. Sivyo: ruta za bei nafuu za kiwango hicho ziliendelea kutoka viwandani miaka mingi baadaye.

Kuifungua kusingefaa, kwa kuwa ina lakiri na bado ni mali ya kampuni. Ila matundu ya hewa yapo, na tochi ya simu ipo. Nyuma ya tundu la kebo kuna kijenzi cheusi, juu yake namba 1742: wiki ya 42 ya mwaka 2017. Kisha, ndani ya kifuniko cha laini, kulikuwa na alama ambayo watu huiona bila kuitazama: duara dogo lililochapwa kwenye plastiki, namba 1 hadi 12 pembeni, 18 katikati, mshale ukielekea 3. Plastiki hiyo ilimiminwa Machi 2018. Kifaa hakiwezi kuwa kikongwe kuliko kipande chake kichanga, kwa hiyo ruta iliunganishwa Machi 2018 au baada ya hapo. Ukurasa wa mipangilio ulionyesha programu ya 2018 hiyohiyo, haijasasishwa tangu itoke. Kwa usalama, hilo linanitisha kuliko umri wa plastiki.

Lakini umri haukueleza kasi. Kwa sehemu zilizo mbali na mnara, la maana ni masafa. Mawimbi ya MHz 700, yaani bendi ya 28, husafiri mbali kuliko ya 1800, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliyanadi mwaka huohuo wa 2018. Ruta hii haikuwa nayo. Laini yake ikahamishiwa kwenye simu yenye bendi hiyo, mezani palepale, na video ikacheza bila kukwama. Mwenye duka akapiga picha ya lile duara, akaenda kwa wakala. Hakuomba ruta mpya. Aliomba yenye bendi ya 28.