Kitako cha Kifaru

Kifaru cha Type 59, kile cha Kichina ambacho JWTZ walikwenda nacho Vita vya Kagera, kina urefu wa mita 6 bila kuhesabu mzinga. Ukikipunguza kwa kipimo cha 1:300 kinabaki sentimita 2. Kinakaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Ninataka kukihakiki kama tunavyohakiki hadithi fupi humu, kwa sababu nimekiona kikifanya kazi ambayo hadithi nyingi fupi zinashindwa kuifanya.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu hununua vifaru vya madini vidogo namna hii, huvipaka rangi, huvigandisha juu ya vipande vya kadi au plastiki, kisha huvipambanisha mezani kwa kutumia rula na dadu. Kipande hicho cha chini mimi nakiita kitako. Asili yake si mbali na fasihi. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupiganisha wanajeshi wa kuchezea, na ndani yake aliitetea vita ya sakafuni dhidi ya ile ya kweli. Haikupita miaka miwili, Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ikaipiga Pegasus ya Waingereza hapa hapa bandarini Unguja. Baadhi ya mabaharia wale wamezikwa Chapwani. Utetezi wa Wells haukuwafaa kitu.

Sasa turudi kwenye kitako. Picha nyingi nilizoziona za michezo hii, vita ikiwa ya Afrika tu, kitako kinakuwa mchanga wa njano na vichaka viwili vikavu. Iwe Sahara, iwe Uganda, mchanga ni ule ule. Sisi wasomaji tunaujua ugonjwa huu. Ni ile riwaya inayofunguka kwa jua kali na vumbi, na ukifika ukurasa wa 40 hujui kama uko Mwanza au Timbuktu.

Meza niliyoiona mimi iko ghorofani katika nyumba moja ya Mji Mkongwe. Mwenyewe ni kijana ambaye hataki jina lake litajwe. Amechagua mapigano ya Lukaya, Machi 1979, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Lukaya iko karibu na mstari wa ikweta, na barabara yake inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi. Ukiweka mchanga wa njano pale umeshasema uongo kabla kifaru hakijapiga risasi.

Kijana yule hakuweka. Udongo mwekundu ameufuata shamba, ule tunaouita kinongo. Nilimuuliza kwa nini asitumie mchanga wa pwani, upo tele na ni bure.

"Ami, chembe moja ya mchanga hapa ni jiwe," akanijibu.

Hesabu yake sawa. Chembe ya nusu milimita, ukiizidisha mara 300, ni jiwe la sentimita 15. Kwa hiyo ameuchekecha udongo mara kadhaa kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama unga wa ngano. Mafunjo ya kinamasini, ambayo marefu yake hufika mita 4, ameyatoa kwenye makumbi ya nazi yaliyokatwa milimita 13. Maji ni vanishi, tabaka juu ya tabaka. Huo ndio uhariri wenyewe, kuchagua neno ambalo ukubwa wake unalingana na sentensi. Ndiyo maana nilipoviangalia vitako vyake niliwaza utenzi, ambapo mshairi ana mizani minane tu kwa kila mshororo, na neno refu mno linaangusha ubeti mzima. Henry Muhanika aliiandikia vita hii hii utenzi mwaka 1981, yaani kuipunguza Kagera iingie kwenye kipimo si jambo geni kwetu.

Rangi nayo ina siasa yake. Libya ilimsaidia Amin kwa wanajeshi na vifaru vya T-55, na Type 59 yetu ni nakala ya T-54, kaka yake huyo T-55. Kwa sentimita 2 huwezi kuwatofautisha hata kwa miwani. Chuma ni kile kile pande zote mbili! Mchezaji mvivu angepaka upande mmoja kijani na mwingine njano, basi. Huyu amewapa wote vumbi jekundu magurudumuni, kwa sababu wote wamepita barabara moja. Kijani chake amekifanya chepesi kuliko cha kweli, maana kitu kidogo kikipakwa rangi yake halisi huonekana cheusi. Kisha amemimina wino mwembamba uingie kwenye mianya, na mwisho akachovya brashi katika rangi nyeupe-nyeupe, akaifuta mpaka karibu ikauke, akaipitisha kwenye kingo tu. Kazi safi, wallahi.

Lakini nina lawama. Mtazamaji anasimama kama sentimita 60 juu ya meza ile, ambayo kwa kipimo hiki ni mita 180 angani. Hakuna mwanajeshi aliyeiona Lukaya kutoka pale. Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi, ilipopigwa makombora ya Katyusha ikavunjika na watu wakakimbilia kinamasini. Brigedi ya 208 ikaja kuzunguka ubavuni na kugeuza mambo. Mezani kwake kukimbia kule ni dadu na kitako kinachorudishwa nyuma sentimita 10. Mafunjo yamesimama wima, hayajalala hata ubua mmoja. Mtu aliyepita mle kwa hofu angeacha njia. Yaani fundi amejali ardhi kuliko miguu iliyoikanyaga, na kwa anayejali hivi naona ni kasoro kubwa, si ya bahati mbaya.

Kuna na raia. Vita hii ilianza Oktoba 1978 kwa uvamizi wa ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, watu wakauawa, wakaporwa, wakahama, na Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Mezani hakuna dalili yao. Nilimwomba atengeneze kitako kimoja kisicho na kifaru: migomba, kibanda kilichoungua, mto na lile daraja. Akafikiri kidogo. Akasema kwenye kanuni hakitakuwa na kazi, kwa sababu hakina nguvu ya kupiga na hakuna pointi za kukipiga. Nikamwambia akiweke hivyo hivyo, na vifaru vilazimike kukizunguka. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa ameshakata migomba sita kwa karatasi, majani bado hayajapakwa rangi.