Yenye Kusadikika na Yaliyo Kweli

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Mtu huiuliza neno katika simu yake, nayo humjibu papo hapo kwa lugha kama ya mwanadamu. Iliyo mashuhuri kupita nyingine, ChatGPT, ilitolewa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022 na kampuni ya OpenAI iliyoko San Francisco, Marekani, na tangu siku hiyo zimetokea nyingi za namna yake. Wanafunzi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuipokea, kwa maana huandika insha na kufupisha kitabu kirefu kabla maji ya chai hayajachemka. Wazazi wengine wameifurahia, na wengine wamewanyang'anya watoto simu. Sisi twaona si vema kuisifu wala kuilaani kabla ya kuitazama kazi yake. Basi, katika kurasa hizi twataka kuipima insha ya mashine kama tupimavyo kazi ya mwandishi ye yote.

Insha yenyewe yahusu kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika, kilichopigwa chapa mwaka 1951. Wakikisomao wajua kwamba humo mtu aitwaye Karama ashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Karama asimama barazani, akaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa mbali kwa ajili ya nchi yao, wakarudi na mambo ya kuifaa, nao wakalipwa adhabu badala ya shukrani. Tuliwapa wanafunzi wetu kitabu hiki wakisome wakati wa likizo, na swali moja la kujibu: Je, Karama angeweza kujitetea kwa njia iliyo bora kuliko ile? Toa hoja zako.

Waliporudi, mmoja wao alileta insha iliyotushangaza kwa uzuri wake. Tahajia yake haikuwa na kosa. Aya zilipangwa kama askari, na kila moja ilianza kwa neno la kuunganisha na kuisha kwa neno la busara. Lakini tulipoisoma mara ya pili tuliona kwamba haikusimama po pote. Ilisema kwamba utetezi wa Karama ulikuwa na nguvu, kisha kwamba ulikuwa na udhaifu, kisha kwamba yote mawili yafaa kutazamwa kwa mizani. Swali lilitaka hukumu, na hukumu haikuwamo. Haikumtaja hata mjumbe mmoja kwa jina, wala jambo moja lililompata. Mahali pamoja ilimfanya Majivuno kuwa rafiki na mtetezi wa Karama. Aliyekisoma kitabu hata kwa usingizi hawezi kusema hivyo, kwa maana jina lenyewe la mtu huyo latosha kumwonya msomaji.

Yafaa tueleze sababu ya kosa la namna hii, kwa kuwa si bahati mbaya. Mashine hizi zimelishwa maandishi mengi mno, na katika hayo zimejifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ziulizwapo, hutunga jibu neno kwa neno, kila moja likifuata lile lililoelekea zaidi. Kwa hiyo maneno yake huteleza vizuri, na mara nyingi huwa sahihi. Lakini utelezi ule ule huwapo hata pale penye uwongo, wala sauti yake haibadiliki. Mtu asemaye asilolijua hubabaika, nasi twamtambua kwa macho yake. Mashine haina macho ya kuinamisha. Na kwa Kiswahili hatari yazidi, kwa maana maandishi ya lugha yetu yaliyomo ndani yake ni machache sana yakilinganishwa na ya Kiingereza.

Wala asidhani mtu kwamba hili ni la watoto tu. Mwaka 1923 au 1950 hakimu asingeliweza kulifikiria, lakini mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, watu wazima wenye elimu ya sheria, walipeleka mahakamani hati iliyotaja kesi ambazo hazikuwako duniani. Mashine ndiyo iliyozitunga, pamoja na majina yake. Hakimu aliwatoza faini ya dola 5,000 wao na ofisi yao. Kesi zile zilikuwa na kila alama ya ukweli isipokuwa ukweli wenyewe.

Hata hivyo, kosa la habari si kubwa kuliko yote, kwa maana laweza kusahihishwa kwa wino mwekundu. Kubwa zaidi ni lile tuliloliona tulipomwita mwanafunzi mbele na kumwomba atueleze neno moja la insha yake. Hakuweza. Hakuwa mvivu wala mjinga. Insha ilipita mkononi mwake kama mgeni apitaye njiani bila kuingia nyumbani. Mwaka 2025 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa habari za jaribio walilofanya kwa watu 54, wakiwaandikisha insha. Katika wale walioandika kwa msaada wa mashine, walio wengi walishindwa kutaja kwa usahihi hata sentensi moja ya insha waliyoiandika muda mfupi uliopita. Watu 54 ni wachache, nasi hatujengi nyumba nzima juu ya nguzo hiyo moja, lakini mwalimu ye yote aliyeuliza swali darasani atalitambua jambo hili.

Jaribio lililo kubwa zaidi lilifanywa katika shule ya sekondari huko Uturuki, na habari zake zilitolewa mwaka 2024. Wanafunzi karibu elfu moja waligawanywa makundi matatu katika somo la hesabu. Wa kwanza walitumia vitabu na daftari zao tu. Wa pili walipewa mashine iliyojibu kila walilouliza. Wa tatu walipewa mashine iliyotengenezwa kwa mashauri ya walimu, isitoe jibu bali ionyeshe njia kidogo kidogo. Wakati wa mazoezi, kundi la pili liliwapita wa kwanza kwa 48 katika mia, na kundi la tatu kwa 127 katika mia. Kisha mashine ziliondolewa, wakafanya mtihani kwa vichwa vyao. Hapo kundi la pili lilianguka chini ya wale ambao hawakuipata mashine kamwe, kwa 17 katika mia. Nao wenyewe hawakutambua kwamba wamepungukiwa. Kundi la tatu halikupata hasara hiyo.

Twaomba wasomaji walitafakari jambo hili, kwa maana lina fundisho la pande mbili. Mashine ilikuwa ile ile, na watoto walikuwa wa shule moja. Lililowatenga ni nani aliyefanya kazi ya kufikiri. Aliyepewa jibu alikuwa kama mtu anayebebwa mgongoni kuvuka mto kila siku. Siku mbebaji asipokuja, hajui hata kina cha maji. Aliyeonyeshwa mahali pa kukanyaga alijifunza mto. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wako watakaotujibu kwamba maneno haya ni ya kale. Watatukumbusha kwamba Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, alisimulia habari ya mfalme wa Misri aliyekataa kusifu uvumbuzi wa kuandika, akihofu kwamba watu watategemea alama za nje na kuacha kukumbuka kwa mioyo yao. Hata hivyo watu waliandika, wala dunia haikupumbaa. Na habari yenyewe ya mfalme yule tumeipata kwa kuwa iliandikwa. Hoja hii ni ya kweli, nasi hatuikatai. Lakini kalamu huandika lile tu aliloliwaza mwenye kuishika. Mashine hii yataka kuwaza badala yake. Tofauti hiyo si ndogo.

Wala hatusemi ipigwe marufuku. Mji wa New York uliifunga katika shule zake mwezi wa Januari 2023, na mwezi wa Mei mwaka huo huo marufuku ikaondolewa. Nasi twajua hali ya shule zetu za vijijini, ambako mwalimu mmoja huwa na watoto wengi kupita nguvu zake. Mtoto aliyekwama usiku, asiye na kaka wala dada wa kumwuliza, hupata katika simu mfafanuzi asiyechoka wala kukasirika. Kuuliza si ujinga. Kumnyima msaada huo kwa hofu yetu hakutakuwa haki.

Basi, yatupasa kuweka utaratibu, nao twauona hivi. Kwanza, mwanafunzi asome kitabu na kuandika mawazo yake kwa mkono wake, hata yakiwa mabovu, kabla ya kuigusa simu. Pili, akiigusa, asiiombe imwandikie; aiambie imwulize maswali, au imwonyeshe mahali hoja yake ilipolegea. Tatu, kila habari atakayopewa aitafute katika kitabu, na asipoiona aitupe. Nne, nasi walimu tusikubali insha ambayo mwandishi wake hawezi kuisimulia kwa kinywa, daftari likiwa limefungwa.

Na wazazi nao wana kazi, hata wale ambao hawakufika sekondari. Wengi wameuza mbuzi na mahindi ili mtoto asome. Ni haki yao kujua kama wamenunua elimu au karatasi. Haihitaji cheti kupima jambo hili. Jioni, mkiwa mmeketi, mwambie mtoto: Nisimulie ulichoandika leo. Kisha umwulize: Wajuaje kuwa ni kweli? Atakayeweza kujibu maswali hayo mawili ameandika insha yake, hata kama aliuliza mashine njiani. Asiyeweza hajaandika kitu, hata akipata alama kubwa.

Shaaban Robert aliita nchi yake Kusadikika, jina litokalo katika neno kusadiki, na twadhani hakulichagua bure. Lililompata Karama lilimpata kwa kuwa aliwafundisha watu kupima maneno, katika baraza lililozoea kuyapokea. Leo kila mtoto mwenye simu ana chombo kitoacho maneno yenye kusadikika mchana na usiku, na kazi ya kuyapima imeongezeka. Karama aliposimama barazani hakuwa na wa kumnong'oneza. Alikuwa na yale aliyoyajua, na uwezo wa kuyapanga. Siku yaja ambapo watoto wetu nao watasimama mbele ya mtihani, au mbele ya hati ya kuuza shamba, au mbele ya mtu atakaye kura zao, na simu itakuwa mbali au itakuwa upande wa mwingine. Tuwafundishe sasa, wangali mikononi mwetu, kuuliza kila neno limetoka wapi.