Jasho la Nani? Hoja ya Umilikaji katika Vitabu Viwili

Elspeth Huxley na Jomo Kenyatta walihudhuria semina za Malinowski mjini London katika miaka ya 1930, na kila mmoja aliandika juu ya ardhi ya Wagikuyu: Kenyatta katika Facing Mount Kenya (1938), Huxley katika The Flame Trees of Thika (1959). Imekuwa desturi kuvipambanisha vitabu hivi, mzalendo na mlowezi. Sisi twaona kwamba vimejengwa juu ya msingi mmoja, nao ni wa John Locke: mtu huimiliki ardhi kwa kuitia jasho lake.

Katika kitabu cha Huxley, baba ananunua ekari 500 katika baa ya hoteli Nairobi. Pori lafyekwa, kahawa yapandwa, na haki yahesabiwa kuwa imezaliwa. Lakini mwandishi mwenyewe, kwa uaminifu wa msanii, atuonyesha kuwa wafanyao kazi ni Wagikuyu. Locke alikwisha kujikinga: nyasi alizokata mtumishi wangu ni zangu. Hoja hiyo fupi ndiyo iliyobeba mashamba ya walowezi toka Ruiru hadi Thika.

Tutaambiwa kwamba mtumishi aliridhia kwa mkataba. Wasomi wetu husema “mkataba wa jamii” bila kusita. Bali mkataba alioujua kibarua wa Thika ulilindwa na sheria ya 1906, iliyofanya kumtoroka mwajiri kuwa jinai, kisha na kipande shingoni. Mwaka 1921 Mahakama Kuu iliamua kwamba Wagikuyu ni wapangaji tu wa Mfalme, wakae kwa hiari yake. Ridhaa ilikuwa wapi?

Kenyatta ajibu kwamba githaka kilikuwa na mwenyewe: mbari ilikifyeka au ilikinunua kwa Wandorobo. Jibu hili ni zito. Hata hivyo ndani yake yumo muhoi, aliyelima kwa urafiki bila kumiliki. Jasho lake nalo halikuzaa haki, na Kenyatta ampita upesi mno.

Robert Nozick, mtetezi mkuu wa uhuru wa mtu binafsi na mali yake, alikiri mwaka 1974 kwamba mali iliyopatikana kwa dhuluma yadai marekebisho. Serikali ya uhuru ilichagua kanuni ya muuzaji radhi na mnunuzi radhi, na wengi wakanunua upya kwa mikopo. Katiba ya 2010 imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kale. Mwenye kiwanja Ruiru, palipokuwa kahawa, aweza kufika mbele yake akiwa mdai au mdaiwa; hati yake haisemi ni yupi.