Majumuisho ya wakili si muhtasari wa kesi

MAJUZI jirani yangu, mama ambaye mwanawe ameshtakiwa, alinijia mbio na gazeti mkononi. “Mwalimu, kesi imefungwa! Si basi mtoto anarudi nyumbani?” Niliposoma habari yenyewe niligundua kwamba ni upande wa mashtaka uliokuwa umemaliza kuleta mashahidi. Kijana hajafungua kinywa kujitetea. Nikabaki sina la kumwambia mama wa watu.

Mwandishi alitafsiri Kiingereza neno kwa neno. Kilichofungwa pale ni ushahidi wa upande mmoja. Baada ya hapo hakimu huamua iwapo mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Asipokuwa nayo, huachiliwa kwa kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Akiwa nayo, hujitetea, ndipo mawakili watoe kauli zao za mwisho.

Kauli hizo nazo zimetushinda kuzitaja. Mara “mawasilisho ya mwisho”, mara “hoja za kufunga”, na wiki jana nimesoma “muhtasari wa kesi”. Hili la tatu ndilo linaloniudhi. Muhtasari hufupisha bila kuegemea upande. Katibu wa mkutano huuandika, naye hana ruhusa ya kutia chumvi. Wakili hafupishi. Huchukua ushahidi uliotawanyika kwa miezi, akauleta pamoja na kumwonyesha hakimu unakoelekea, na ajabu ni kwamba daima huelekea kwa mteja wake! Huko ni kujumuisha, na nomino yake ni majumuisho, ambayo wenzetu wa Tanzania wameizoea. “Mawasilisho” si kosa, ila ni pana mno: hata ombi la dhamana huwasilishwa. “Hitimisho” tumwachie jaji. Aliyehitimu amefika mwisho, ilhali wakili bado anangoja hukumu.

Msomaji atauliza, ya nini kuchambua maneno hivi? Mwaka wa 2014, katika rufaa ya Daniel arap Moi dhidi ya Mwangi Stephen Muriithi, Mahakama ya Rufaa ilikumbusha kwamba kauli za mawakili haziwezi kuchukua nafasi ya ushahidi. Ilizifananisha na lugha ya kunadi bidhaa. Sasa gazeti likiandika ati “muhtasari wa kesi waonyesha mshtakiwa aliiba”, msomaji ataamini jambo limethibitishwa, kumbe ni mnadi anayesema!

Huenda mkanganyiko huu ni wa zamani. Hadi 2007, wazee wa baraza walipoondolewa katika Mahakama Kuu, jaji aliwajumuishia wazee hao ushahidi kabla hawajatoa maoni. Majumuisho ya jaji yalipaswa kuwa na usawa; ya wakili hayajawahi kudaiwa usawa.

Wanafunzi katika midahalo ya shule wanalielewa jambo hili kutushinda. Msemaji wa mwisho akizua hoja mpya hukatizwa papo hapo, kwa kuwa mpinzani hana tena nafasi ya kumjibu. Anaruhusiwa kujumuisha tu yaliyokwisha kusemwa, tena kwa faida ya upande wake.

Kwa hivyo wahariri, andikeni “upande wa mashtaka wafunga ushahidi”. Andikeni “wakili adai katika majumuisho yake”. Hicho kitenzi “adai” msikidondoshe. Jirani yangu bado hunisimamisha langoni kila asubuhi kuuliza gazeti limesemaje.