Kufuli za gemu na kipimo chetu cha uhalisia

Wahakiki wetu wa fasihi wana neno wanalolipenda mno: uhalisia. Riwaya ikitaja mtaa wa Nairobi kwa jina, matatu kwa nambari na sukuma wiki kwa bei yake, basi tunaipigia makofi eti ni ya kihalisia. Leo nataka tulipime neno hilo mahali ambapo wengi wetu hatujazoea kulipeleka. Nazungumzia michezo ya video, au gemu kama vijana wanavyoiita, na hasa kile kipengele kidogo ambapo mchezaji hutakiwa kufungua kufuli bila ufunguo.

Tuanze na kufuli yenyewe. Kufuli ya aina aliyoipatia hataza Linus Yale Mdogo kule Marekani mwaka 1861 ina vijiti vya chuma vinavyosukumwa na springi. Ufunguo sahihi huviinua vyote hadi kimo kinachotakiwa, na silinda ikazunguka. Asiye na ufunguo huisukuma silinda kidogo kwa kichuma kimoja, kisha kwa kingine huchokonoa vijiti, kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo inawezekana kwa kuwa hakuna fundi anayetoboa matundu kwa usahihi kamili. Daima kuna kijiti kinachokwama kabla ya wenzake. Macho hayana kazi hapo. Ni kidole kinachosikiliza. Tena yahitaji subira: mwaka 1851 jijini London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alitumia saa 51, zilizotawanyika katika siku 16, kuifungua kufuli ya Bramah iliyokuwa imewekwa dirishani mwa duka tangu 1790 ikimsubiri yeyote wa kuishinda. Hebu niambie, msomaji, nani atanunua mchezo wa saa 51 za kuchokonoa?

Kwa hivyo mtunzi wa gemu lazima apunguze. Suala ni apunguze nini.

The Elder Scrolls IV: Oblivion, mchezo wa mwaka 2006, uliamua kubakisha umbo. Kufuli huonekana kana kwamba imepasuliwa katikati, vijiti vitano vikiwa wazi, nawe unavirusha juu na kuvinasa kabla havijaporomoka. Ukiuangalia mchoro utasema, naam, hii ndiyo kufuli. Lakini kinachoonyeshwa ni kile hasa ambacho mfunguaji hakioni kamwe. Isitoshe, wakati unachokonoa, dunia nzima husimama. Mlinzi aliyekuwa akija huganda mguu ukiwa hewani mpaka umalize shughuli zako. Mwizi gani hupewa fursa kama hiyo?

Miaka miwili baadaye, Fallout 3 ilikuja na kibanio cha nywele na bisibisi. Unatafuta pembe moja tu, kisha unazungusha. Kwa fundi wa kufuli huo ni uongo mtupu, kwa sababu kufuli haina pembe moja ya siri. (Wazazi wanaohofia kwamba watoto wao watahitimu kuwa wezi na wapumue.) Hata hivyo, ukikosea pembe kibanio hutetemeka kabla ya kukatika, nawe hujifunza kuachia mapema. Hapo uongo wa mtambo umebeba ukweli wa mkono. Ajabu ni kwamba mchezo huohuo unamkataza asiyefikisha kiwango fulani cha ujuzi hata kujaribu. Skyrim ya mwaka 2011 iliondoa kizuizi hicho, na ikafanya vyema.

Lakini mchezo ninaoupa taji ni mkongwe kuliko yote hiyo: Thief: The Dark Project, wa mwaka 1998. Humo hakuna fumbo lolote. Una vichokonozi viwili; kimoja kikigoma, unashika kingine, unasubiri. Basi. Ila unasubiri dunia ikiendelea. Nyayo za mlinzi zinasikika juu ya mawe, zinakaribia, na wewe umesimama mlangoni kwenye mwanga, hujui kama uendelee au ukimbilie kizani. Kufuli imeigizwa kidogo sana. Hofu ya kufungua kufuli ya mwenyewe imeigizwa yote. Aristotle alishasema katika Poetiki kwamba lisilowezekana lakini likaaminika ni afadhali kuliko linalowezekana lisiloaminika.

Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018, iliyowekwa Bohemia ya 1403, ilitaka vyote viwili: mkono usiotulia na dunia isiyosimama. Wachezaji wengi walilalamika kuwa mikono yao imeshindwa, na watunzi wakaongeza njia nyepesi. Nami nawaelewa walalamishi. Jambo la kusisimua mara ya kwanza huwa kibarua mara ya mia, hasa sanduku likiwa na sarafu tatu tu. Huo ndio mpaka wa raha, na hauhusiani sana na ugumu. Unahusiana na kama kuna lolote la kupoteza.

Kiswahili chenyewe kinaielewa kufuli kwa jicho hilohilo. Hatukukiita kile chuma “ufungo” ilhali hufunga pia. Tulikiita ufunguo, kutokana na fungua, kitenzi cha kutendua. Tulilitazama tendo na mtendaji, si chuma.

Mwaka 2022 mtunzi wa gemu Johnnemann Nordhagen alitoa Museum of Mechanics: Lockpicking, jumba la makumbusho ndani ya kompyuta lililokusanya kufuli za michezo mbalimbali ili mgeni azijaribu moja moja. Wazo zuri kweli, na mwalimu wa fasihi angefaa kulitembelea na wanafunzi wake. Kufuli zimepangwa pale, zimeng’olewa kwenye nyumba zao, hazina mlinzi wala hazina nyuma ya mlango. Unazifungua kwa utulivu, unasonga kwenye inayofuata, na moyo haudundi hata kidogo.