"Ubongo wa Kompyuta": Kasoro ya Istilahi Moja na Hasara Yake Sebuleni

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizozoeleka katika vitabu vya shule, vipeperushi vya maduka na hata katika nyaraka za ununuzi, mojawapo inayopendwa sana ni "ubongo wa kompyuta". Hutumiwa badala ya kichakataji, au prosesa kama wasemavyo wauzaji. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba tamathali hiyo, ambayo yafaa kumfahamisha mtoto wa shule ya msingi, humpotosha mtu mzima mwenye fedha kidogo. Upotoshaji wenyewe huonekana wazi kabisa pale mtu huyo anapotafuta kichakataji cha bei nafuu kwa kompyuta ya sinema ya nyumbani, yaani kompyuta iliyounganishwa na televisheni ili jamaa wapate kutazama filamu pamoja.

Yafaa nikiri mapema kwamba kosa ninalolikosoa nililitenda mimi. Duka moja la vifaa vya kompyuta liliniomba nifasiri kipeperushi chao. Miongoni mwa bidhaa zake kulikuwa na kichakataji Core i3-12100F, ambacho pamoja na ndugu yake Core i3-12100 kilitangazwa na kampuni ya Intel mwaka 2022. Vyote viwili vina viini 4 na nyuzi 8. Tofauti kubwa imo katika herufi F: chenye herufi hiyo hakina kitengo cha picha kinachofanya kazi, na aghalabu huuzwa kwa bei ya chini kidogo. Nami nilidhani F ni alama ya orodha ya ghala, nikaiacha. Nikaandika: "Ubongo wa kisasa wenye viini 4, kadi ya picha huuzwa mbali." Sentensi hii haina neno la uongo ndani yake, wala haina msaada. Msomaji aliyekwisha kuambiwa kwamba amepata ubongo atafikiri kadi ya picha ni pambo, kama kitambaa cha kufunikia redio.

Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, alikisoma akanunua. Mpwa wake akaviunganisha vipande vyote, akapeleka waya kwenye televisheni, akabonyeza swichi. Feni ikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Jioni nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akanitolea kipeperushi changu mfukoni. "Bwana," akasema, "umeniandikia ubongo. Macho je?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye istilahi. Tamathali ya ubongo ilikuwa na haki yake zamani. Kichakataji kidogo cha kwanza kuuzwa madukani, Intel 4004 cha mwaka 1971, kilikuwa na transista 2,300 hivi, na kazi yake ilikuwa hesabu. Lakini mwaka 2011 Intel na AMD zote mbili zilikuwa zimetoa vichakataji vya kompyuta za mezani ambamo viini vya hesabu na kitengo cha picha vimo katika kipande kimoja cha silikoni. Tangu hapo kinachouzwa kwa jina la kichakataji aghalabu ni nyumba yenye wafanyakazi mbalimbali. Neno "ubongo" linataja mmoja tu kati yao, na kuwaacha wengine bila jina.

Sasa tutazame filamu inavyoonyeshwa, maana hapa ndipo fedha ya mnunuzi hupotea. Kioo cha televisheni chenye vitone 3840 kwa 2160 kina jumla ya vitone 8,294,400. Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde, yaani vitone karibu milioni 199. Tukikipa kila kitone baiti 3 za rangi, tunapata baiti milioni 597 hivi kila sekunde. Hakuna anayehifadhi filamu kwa namna hiyo. Hukunjwa kwa kanuni maalumu za usimbaji: H.264 ya mwaka 2003, HEVC ya mwaka 2013, AV1 ya mwaka 2018, na nyinginezo. Kazi ya kompyuta ya sebuleni, karibu yote, ni kuikunjua filamu hiyo bila kuchelewa.

Ukunjuaji huo waweza kufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuviachia viini vya hesabu vifanye kazi yote. Navyo hufanya, lakini kwa jasho. Umeme huliwa, joto hupanda, feni huanza kuvuma pale hasa wahusika wa filamu wanaponong'onezana. Njia ya pili ni sakiti ndogo iliyomo katika kitengo cha picha, isiyojua kazi nyingine yoyote duniani isipokuwa kusimbua. Sakiti hiyo hufanya kazi kwa umeme kidogo na kimya kabisa. Ila yahitaji izijue kanuni zinazotumika. Isiyojua AV1 hujua ya jana tu, na mzigo wa leo hurudi kwenye viini.

Mfano utaeleza zaidi. Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD, ya mwaka 2021, ina viini 6 na nyuzi 12, na ina kitengo cha picha. HEVC yaifahamu vizuri. AV1 haina sakiti yake. Intel N100 ya mwaka 2023 ina viini 4 tu vidogo, imekadiriwa kutumia wati 6, na sakiti yake huisimbua AV1. Anayepima kwa ubongo ataichagua ya kwanza bila kusita, na kwa hesabu za kawaida, michezo, au uhariri wa picha atakuwa amechagua sawa. Lakini kwa kutazama filamu zilizosimbwa kwa AV1, kile kidogo hukaa kimya pale kikubwa kinapopumua. (Mwenye filamu za H.264 peke yake hana haja ya chochote kati ya hivi. Hata kichakataji cha mitumba cha miaka kumi iliyopita kitamtosha.)

Hapo ndipo naiona kasoro ya pili, nayo imo katika neno sanifu lenyewe. Kitenzi "kuchakata" tulikizoea katika mashamba ya mkonge. Majani mazito yenye maji huingizwa katika mashine, nyuzi chache nyeupe zikatoka upande wa pili. Ni taswira nzuri kwa hesabu: data nyingi huingia, jibu fupi likatoka. Kwa filamu mambo ni kinyume: kinachoingia ni kidogo na kinachotoka ni kingi mno. Sisemi neno "kichakataji" litupwe. Limekwisha kuota mizizi, na lina heshima kuliko "prosesa". Nasema halitoshi peke yake, na mfasiri anayeliandika bila kutaja usimbuaji hajamaliza sentensi.

Tuiiteje basi ile sakiti? Kwa bahati maneno tunayo, tena mawili. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, watu walilazimika kununua kisanduku cha kupokelea matangazo ya dijitali. Kisanduku hicho kikaitwa king'amuzi na wengine, kisimbuzi na wengine, na maandishi yetu yameyatumia maneno hayo mawili kama kwamba ni pacha. Mimi naona ni anasa tusiyoimudu. King'amuzi kimekwisha kuwa kitu cha kushikika: kina rimoti, kina kadi, mtoto hukiangusha. Kibaki kuwa kisanduku. Kisimbuzi, ambacho asili yake imo katika msimbo, kusimba na kusimbua, kipewe kazi ya kutaja kile kinachosimbua, popote kilipo, hata kama ni sakiti isiyoonekana kwa macho. Najua wako watakaolalamika kwamba kisimbuzi nacho kimekwisha kuwa kisanduku vinywani mwa watu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mgawanyo huu haumnyang'anyi mtu neno lake. Unampa mwalimu wa kompyuta maneno mawili kwa vitu viwili.

Neno moja zaidi, kwa kuwa vipeperushi vimejaa "prosesa ya bajeti". Bajeti kwetu husomwa Bungeni mwezi Juni, na kila mtu ana yake, tajiri na maskini. Kichakataji "cha bajeti" hakisemi ni cha bei gani. "Rahisi" nayo ina hatari yake, maana husikika kama jambo lisilo na ugumu, na pengine kama kitu hafifu. "Cha bei nafuu" chatosha, na hubeba ile maana ya kumpunguzia mtu mzigo.

Kipeperushi nimekifasiri upya. Duka lilikubali kukichapisha, na mwalimu akabadilishiwa kichakataji kwa kuongeza tofauti ya bei, ambayo nililipa mimi. Sentensi sasa yasomeka hivi: "Core i3-12100. Kichakataji cha bei nafuu chenye viini 4 na nyuzi 8. Kina kitengo cha picha: huunganishwa na televisheni bila kadi nyingine. Kina visimbuzi vya H.264, HEVC na AV1. Tahadhari: chenye herufi F mwishoni hakitatoa picha bila kadi ya picha, nayo ni lazima inunuliwe." Mwalimu aliisoma mara mbili, akairidhia, isipokuwa hizo "nyuzi". Aliniuliza kama ni za mkonge.