Maji Yanaelekea Wapi

Kaskazini kabisa mwa Ziwa Tanganyika kuna Mto Rusizi, na kwa miaka 13 wasomi wa Ulaya walibishana kuhusu jambo lililojulikana na kila mvuvi wa Uvira: je, maji yake yanaingia ziwani au yanatoka? Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Ujiji wakafika Uvira. Wana wa mtawala wa huko wakawaambia wazi kwamba yanaingia. Wapiga makasia walikataa kuwafikisha kwenye mlango wa mto. Baadaye Burton, kwa kutamani ziwa hili liwe chanzo cha Nile, akashikilia kwamba yanatoka.

Novemba 1871 wasafiri wengine wawili, David Livingstone na Henry Morton Stanley, walipanda mtumbwi hapo Ujiji, wakaenda mpaka penyewe, wakatazama. Yanaingia. Katika kazi zote za akili hakuna ninayoipenda kama hii: kumuuliza anayeishi na jambo, kwenda kulitazama, kisha kulikubali hata kama halipendezi.

Watu wa dini nao ni mafundi wa kazi hii. Maulamaa wa Hadithi, akina Bukhari, hawakupokea neno lililonasibishwa na Mtume bila kuchunguza isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Nani kalisimulia? Kalipokea kwa nani? Walikutana kweli? Kumbukumbu yake ni imara? Maneno matamu kabisa yaliwekwa kando kwa udhaifu wa mpokezi mmoja. Anayedhani kuhoji ni uadui kwa imani hajawahi kukaa na vitabu vya watu hawa.

Hapo ndipo Livingstone, mmisionari aliyeishi na Biblia yake, alipoteleza. Aliamini Mto Lualaba, magharibi ya ziwa, ndio Nile. Alitumaini kukuta alama za Musa zitakazoyathibitisha Maandiko, na kuziona chemchemi za Nile zilizotajwa na Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Ugiriki. Lakini Herodotus alisema bayana kwamba habari hiyo aliipata kwa karani wa hazina ya hekalu mjini Sais, Misri, na kwamba alimwona kama anafanya mzaha. Livingstone alichukua matini, isnadi akaiacha. Shaka ilikuwemo kitabuni, yeye akaipita. Ni wangapi leo wanazisoma hivyo aya za mwisho wa dunia, au za uponyaji, bila kujali nani anasema, anamwambia nani, na katika hali gani? Hili linaniuma, maana kitabu tunachokipenda ndicho kinachostahili kusomwa chote.

Hata hivyo namheshimu mzee yule. Mei 1872, akiwa Unyanyembe, aliandika katika shajara yake kwamba shaka haimwachi, na kwamba huenda Lualaba ikawa Kongo. Hakuna aliyemlazimisha kuandika hivyo, naye alikuwa ameimaliza afya yake akiitafuta Nile. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1877 Stanley aliufuata mto ule mpaka Bahari ya Atlantiki. Ulikuwa Kongo.